Kitu Mwili Inabeba

Weye ambaye watu walikuchagua na bado haujaingia, juu mulango ya Asamble, bunge ya provense, ingali imefungwa, kaa chini. Uko na wakati. Mi pia niko nayo, nimeacha kazi. Wengi wenu mulikuja kwangu kuniuliza vile kazi ya udepite inafanywa. Mulikunywa chai yangu, na kwa kutoka nikaona mulibeba tu hadisi ya gari na ya kusafiri Kinshasa. Sasa ninaandika, ili kesho musiseme bibi hakutuambia.

Mushahara sitaandika. Nani alikuwa prezida wa nini kisha akawa nani, sitaandika. Shule yangu iliishia mwaka wa tano ya primeri, siku baba alisema mbuzi haziwezi kujichunga. Kifaransa yangu ni ya soko, inatosha kwa kukataa bei. Jirani mumoja, mwalimu, alitaka anipangie haya maneno vizuri. Nikamwambia aache, maneno yangu imezoea kutembea bila viatu.

Kazi yangu yote mule ndani ni sentensi moja: kitu mwili inabeba, na inaingia mu sufuria, haina takse. Ndio hiyo, haitozwi kodi. Iko mu edi, ndio sheria ya provense, na watu wa kwetu Djugu wanaijua kama wimbo ya kanisa. Sasa kuko watu wanangojea mulango ifunguliwe ili waifute, na wa kwanza wao nilimubeba mugongoni akiwa mutoto. Nitafika kwake.

Mbele ya kuwa depite nilikuwa mutu wa barabara. Tulitoka upande wa Bule na mihogo, maharagi, unga, tukashuka mpaka soko ya Bunia, tunalala njiani kwa watu wa kanisa, tunatembea tena. Kwetu mwanamuke anabeba mugongoni. Muzigo iko nyuma, mukanda inapita juu ya paji ya uso, na shingo ndio inafanya kazi. Alama ya mukanda iko kwenye paji yangu mpaka leo. Daktari mumoja aliniuliza kama ni kovu ya vita. Nikamwambia ndiyo.

Sikilizeni kitu haiandikwe mu vitabu ya takse. Mwanamuke mwenye muzigo ya mugongo hawezi kuiweka chini ovyo. Akiiweka, hawezi kuinuka nayo peke yake. Inahitaji watu wawili wa kumuinua, ao jiwe yenye urefu ya kiuno. Mutu wa takse anajua hiyo. Kwa hiyo pale kwenye baryere, kwenye kamba inakata barabara, hapigake kelele. Anakusalimia. Anauliza habari ya watoto. Anatafuta bic ya kuandikia. Bic inapotea, anaitafuta tena. Weye umesimama, na shingo yako inaanza kubishana na weye mwenyewe, mpaka unasema: chukua. Tulikuwa na mumoja tulimuita Papa Polepole. Hajakosa adabu hata siku moja. Ndiye alikuwa wa hatari kupita wote.

Wadepite waliotutangulia walikuwa wamesikia kilio, wakafanya edi. Iliandikwa na watu wazuri, lakini watu wa muji. Mutu wa muji akitoka biro, mu ofisi yake, kwenda kula anaona wamama na beseni ya ndizi juu ya kichwa, basi anajua vile wanawake wanabeba. Wakaandika: muzigo ya kichwa haina takse. Radio ikatangaza. Siye tukacheza barabarani.

Siku ya soko iliyofuata tukafika kwenye baryere na vigelegele. Papa Polepole akavaa miwani yake.

"Wamama, pongezi," akasema. "Sheria ni sheria. Lakini hii yenu iko mugongoni."

"Papa, mukanda iko kwenye kichwa," Mama Maki akamwambia.

"Mukanda, ndiyo. Mukanda ipite bure. Muzigo ndio iko mugongoni."

Mama Maki ni mwenzangu wa njia tangu usichana, mufupi, mwenye mulomo, shingo kama ya dume. Ile siku alilipa kwanza, kisha akatukana mpaka Bunia.

Kuko wamama walijaribu kubeba kichwani ili sheria iwatambue. Shingo imezoea kuvuta mbele, haiwezi kujifunza kusukuma juu kwa siku moja. Mumoja akaanguka na gunia ya maharagi, akavunjika bega. Maharagi ikamwangika, na kuku za baryere zikala bila takse.

Kukaa chini, ni Maki alianza. Hakuambia mutu. Alifika kwenye kamba, akapiga magoti, akakaa katikati ya barabara na muzigo yake ingali mugongoni, akatoa karanga, akaanza kutafuna.

"Mama, simama, kamio inakuja," Papa Polepole akamwambia.

"Nisimamishe. Unajua inahitaji watu wawili."

Nikakaa karibu naye. Wengine wakakaa. Kamio ya mbao ikafika, na ingine nyuma yake, na ingine, honi mpaka ngombe za watu zikakimbia. Washofere walishuka kututukana, kisha wakaona karanga iko, wakakaa pia. Hakuna mutu wa takse angegusa mama wa watu mbele ya macho yote ile. Hatukupiga mutu. Hatukutukana mutu, isipokuwa Maki kidogo. Jua ilipoinama, kamba ikashuka. Kutoka pale watu walianza kutaja jina yangu kwa uchaguzi. Ya Maki waliiacha, walisema hana freni ya mulomo.

Siku ya kwanza mu Asamble nilivaa kitenge yangu ya ndoa. Mbele ya kila kiti kuko mikro ya kusemea, yenye taa nyekundu. Yangu ilikuwa inawaka, nikafikiri ni ya kunikataza kusema, nikasema kwa jirani yangu tu, kwa sauti ya chini, kama hii kiti ni kubwa kupita ya bwana-arusi na kama yule mukubwa wa mbele anasinzia. Provense nzima ilisikia. Walicheka, nami nikacheka. Kisha wakatugawia karatasi ya takse, ndefu kama mukono, yote Kifaransa, na nikaacha kucheka. Kila mustari mule ndani ilikuwa na mutu na kamba nyuma yake.

Prezida wa komisio ya mali alikuwa Muzee Gratien. Alifanya kazi ya takse tangu wakati ya Zaire, mukavu kama samaki ya chumvi. Niliogopa atanidharau. Nikamuelezea habari ya bic inayopotea, nikifikiri ninamufundisha kitu.

"Ninajua, mama," akasema. "Ni miye niliwafundisha kuitafuta."

Hakuona haya, na mi sikumuacha. Mutu aliyefunga kamba anajua fundo iko wapi. Alinifundisha kusoma mustari ya takse kwa kuuliza nani analipa, juu ya kitu gani, na mutu atatoka namna gani mule ndani. Takse isiyo na njia ya kutoka, alisemaka, ni mutego ya panya. Na aliniambia neno ingine ambayo wakati ile niliona ni uzee tu: "Usiweke mu sheria kitu inahitaji karatasi. Karatasi ni kamba ya pili."

Mi nikaongeza yangu. Kila text, mbele ya kuipigia kura, niliipeleka soko. Niliisema kwa Kiswahili kati ya mafungu ya sombe, majani ya mihogo, kisha Maki anakuwa mutu wa takse na siye wengine tunajaribu kupita. Maki akipata namna ya kutukamata, text inarudi komisio. Alitukamata kwa vitu sikuwaza: kwa saa ya kupita, kwa mutoto kusaidia kubeba, kwa kufunga mizigo mbili pamoja. Angekuwa mutu wa takse wa kutisha. Mungu alimunyima biro kwa kusudi.

Mwishoni tukapata: kitu mwili inabeba haina takse. Kichwa, mugongo, bega, mukono, yote ni mwili. Maki akazunguka hiyo sentensi kama mbwa anazunguka nungunungu, akashindwa. Nikaingia mu kikao ya wadepite wote na kifua mbele.

Akasimama mwenzetu wa upande wa Mongbwalu, kwenye watu wanachimba zahabu. Mwanaume mucheshi, wa viatu vya kungaa. Hakusoma kitu. Aliinama, akavua kiatu, akatoa mu soksi kifuko kidogo ya plastiki, akaiinua juu.

"Mama Onorabule, hii mwili inabeba?"

Nikatafuta kati ya karatasi zangu.

"Ninauliza tu. Nimetembea nayo tangu asubui, na sina kamio."

Wote wakacheka, hata wale walikuwa upande wangu. Ile plastiki ilikuwa na muchanga tu, alituambia kisha. Lakini muchanga ilitosha kuzika text yangu. Waliiondoa siku ile ile.

Nilipofika soko nikawaelezea, nao wakacheka pia. Hakuna mutu alinihurumia. Mama mumoja wa biashara kubwa, anayeleta vitenge na plastiki kutoka Ariwara, akanishika maneno: "Na siye tunaolipa kamio nzima? Muzigo yangu moja, nikiigawanya kwa migongo ya vijana, nitapita bure na yule maskini atapita bure, kisha nani atalipa? Mi si mujinga, nitafanya hivyo kesho."

Alikuwa na hasira, na alikuwa na haki. Ukiwa depite, mutu mwenye hasira umusikilize mbele ya mwenye kukupigia makofi. Mwenye makofi amekwisha kufikiri.

Maki alikuwa anakoroga maharagi yake. Hakuinua kichwa.

"Ile zahabu," akasema, "mwambie aipike."

Mama wa Ariwara akaangalia vitenge yake. Akaanza kucheka yeye wa kwanza.

Muzee Gratien alipoisikia, alivua miwani, akacheka bila sauti, mabega tu. Kisha akaongeza "na inaingia mu sufuria", akaiandika kwa Kifaransa, akaisoma, akanigeuzia kwa Kiswahili na kuniuliza kama ingali ni ile ya Maki. Ilikuwa ile. Wakati ya mwisho mwenzetu mumoja akataka tuongeze "ya shamba yake mwenyewe", ili wachuuzi wasijifiche. Ilisikika vizuri. Mi mwenyewe nilikuwa karibu ya kuinua mukono. Muzee akagonga meza na kidole: "Nani atashuhudia shamba? Karatasi. Nani atatoa karatasi? Mutu. Huyo mutu atakula nini?" Tukaiacha inje.

Siku ya kupiga kura, yule wa Mongbwalu akainua mukono wake pamoja na siye. Akanikuta kwa mulango.

"Nimeijaribu, mama," akasema. "Haiivi."

Sitasema tulishinda yote. Sabuni haiingie mu sufuria, na wamama wa sabuni walininunia muda mrefu. Makala je, makaa ya kupikia? Makala inakaa chini ya sufuria. Nilibishana nayo vikao na vikao, nikashindwa. Mwenye nguvu mupya achukue pale, niliacha alama.

Kisha vita ikarudi Djugu. Vijiji ikamwangika mpaka Bunia, watu wakalala chini ya mabashi, turubai za musaada, kambini. Maki alifika na watoto wa binti yake, mikono mitupu. Tangu nimujue, sikuwahi kumuona bila mukanda. Nilimuchukua kwangu, akakataa, akasema atakaa pale jirani zake wako.

Njaa ilipozidi, wamama wakaanza kurudi mashambani mwao kwa kuchungulia, wanangoa mihogo mbiombio, wanarudi. Wanakuta kamba mupya njiani. "Mama, karatasi ya shefu wa kijiji iko wapi, yenye kuonyesha shamba ni yako?" Shefu mwenyewe alikuwa kambini, chini ya bashi, anangojea unga kama wengine. Muhuri yake ilichomeka na nyumba yake.

Nikaenda pale na edi mukononi. Maki alikuwa amesimama na muzigo, mishipa ya shingo inje. Hakukaa. Pale, na vita karibu, si mahali mwanamuke anakaa chini, na mutu wa kamba alijua, ndio maana alikuwa anatafuta bic. Nikamusomea. Akanipokonya, akaisoma mwenyewe, anatafuta shamba imeandikwa wapi. Haiko. Akatafuta karatasi. Haiko.

"Sasa hii inauliza nini?"

"Inauliza kama ni mwili inabeba, na kama inapikwa."

Akaangalia mihogo. Akaangalia Maki. Maki akamwambia: "Ao weye unaikula mubichi?" Kamba ikashuka.

Muzee Gratien alikuwa amekufa tayari. Nilimushukuru kwa sauti pale pale barabarani. Wamama walifikiri ninaomba, wakajibu amina.

Kuko baryere zingine, za wenye bunduki, zisizosoma edi ya mutu yoyote. Juu ya hizo sina ushindi wa kuwaandikia, na sitajifanya.

Juu ya vita hiyo uongozi ikapewa wanajeshi, na mulango ya Asamble ikafungwa. Nilirudisha kila kitu cha serikali. Mukanda yangu niliyofungaka kwenye kiti, wakaniambia niiondoe, si mali ya serikali. Niliijua hiyo mbele yao. Uchaguzi ingine ikakuja, sikujiandikisha, magoti yangu ilikwisha kupiga kura. Aliyejiandikisha ni Esperance, mutoto wa binti yangu.

Acha nijivune kidogo, umri unaniruhusu. Alisoma fiskalite, elimu ya takse, Kisangani. Ndiye wa kwanza kwetu kuvaa ile kofia ya pembe ine ya iniversite, na picha yake iko ukutani juu ya picha ya marehemu bwana wangu, anisamehe. Siku alichaguliwa nilicheza mpaka majirani wakaleta kiti.

Juzi akakuja na dosie yake ya karatasi chini ya kwapa. Akakula kwanza. Mutoto wa kwetu akikula kwanza, ujue analeta neno.

"Koko, bibi yangu, usikasirike. Ni artikle moja tu ya edi tunataka kubadilisha."

"Gani?"

Akaangalia sahani. Nikajua.

"Koko, provense haina barabara. Kamio zinalala mu matope wiki nzima. Kila mutu akitoa kidogo, kidogo sana, tutaitengeneza."

"Barabara ya Mongbwalu, nani aliitoboa? Muguu ya mama, ao tairi?"

"Tairi. Lakini kwa fiskalite, koko, musingi ikiwa pana, takse inakuwa ndogo kwa kila mutu."

"Musingi ni kitu gani?"

"Ni wale wanaolipa."

"Basi sema shingo."

Alicheka bila kupenda. Na hoja yake si ya kijinga, musidanganyike. Muzee Gratien angemupa kazi siku hiyo hiyo, kisha angemupinga mpaka jioni.

"Wenye mashamba tutawaachilia," akasema. "Mutu analeta karatasi ya shefu, anapita bure. Tumeifikiria hiyo."

Nikamuelezea shefu wa chini ya bashi. Nikamuelezea Maki amesimama na bic inatafutwa. Alisikiliza. Wakati ile alikuwa Kisangani, anasoma vitabu ambamo watu wote wako na anwani. Akaandika kitu pembeni ya karatasi yake, sikuona nini.

"Nitafikiria, koko. Lakini kama komisio inaitaka, nitaileta. Ni kazi yangu."

"Ilete. Mi nitakaa."

"Utakaa wapi?"

"Mbele ya mulango ya Asamble, siku itafunguliwa. Na mihogo mugongoni."

"Mbele ya gari yangu?"

"Kama gari yako inatangulia, ndiyo."

Akacheka. Kisha akaona sicheki, akaacha. Akachukua dosie yake. Hakusema ataitoa ile artikle, hakusema ataiacha. Kwa mulango akapiga magoti kuomba baraka, vile amefanya tangu utoto, nikamupa mikono yote miwili juu ya kichwa, sikupunguza kitu. Hiyo ni ya mujukuu. Onorabule, yule mheshimiwa, hajapata yake.

Basi ninyi wengine, munaoingia naye, mumejua. Mukanda niliipaka mafuta, ingali laini. Maki hana meno ya karanga tena, lakini shingo yake ni ile ile. Nilipomuelezea, hakuuliza kama tutaenda, wala kama mujukuu wangu atakasirika. Aliuliza tu ni siku gani.